Kitako cha Gumegume ya Mjomba

Ile hoteli ya mlimani, njia ya kwenda Kwai, ilipofungwa, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achague kitu kimoja aondoke nacho. Wengi wakabeba magodoro. Mmoja alibeba friji mgongoni mpaka barabarani. Mjomba wangu, aliyekuwa mtunza bustani pale tangu mimi sijazaliwa, akapanda juu ya kiti kwenye ukumbi wa chakula, akaishusha bunduki iliyotundikwa ukutani, akaenda nayo nyumbani. Mke wake mpaka leo akitandika kitanda anauliza bunduki inalaliwaje.

Haikuwa bunduki ya kweli. Nasema mapema, maana watu wa kwetu wakisikia bunduki wanaanza kuongea kwa sauti ya chini. Ilikuwa mfano wa gumegume, zile za zamani ambazo jiwe linagonga chuma, cheche zinaruka, baruti inawaka. Hii ilitengenezwa kiwandani huko kwa watu, ya bei rahisi, ya kupamba ukuta. Mtutu ni chuma kizima, tundu linaishia pale pale mdomoni. Mjomba alipita nayo kituo cha polisi kwanza. Askari wakachomeka waya, waya ukagoma, wakacheka, wakamwambia mzee nenda nayo, labda umpige nayo mtu kichwani.

Mjomba ni mtu wa ngoma. Kijijini kwetu, chini ya Vuga, tuna kikundi, wazee kwa vijana. Tunaitwa kwenye harusi na wageni wakija. Kuna kipande tunaonyesha zumbe, yaani mtawala wa zamani, anavyoingia barazani kwake, na mbele yake anatembea mtu wa bunduki. Babu yangu ndiye aliyekuwa akitembea na bunduki hiyo, na enzi zake ilikuwa ya kweli. Baadaye watu wakaambiwa silaha zirudishwe serikalini, ikarudishwa. Mjomba aliporithi nafasi akarithi na fimbo ya mti wa muwati, na watazamaji wakawa wanaombwa wajifanye wanaona bunduki. Sasa fikiria mtu huyo kila siku anaingiza maua mezani, wageni wanakunywa supu, yeye anaangalia ukutani.

Tatizo ni kwamba ile bunduki ilikuwa mbaya. Sisemi mbovu, nasema mbaya, ya sura. Kitako kilikuwa kinene na bapa kama ubao wa kukatia nyama. Shingo yake, pale mkono unaposhika, ilikuwa nene kama mguu wa kitanda, vidole vya mjomba havikuweza kukutana. Juu yake walipaka vanishi nzito inayong'aa kama kaimati. Hata ule mtambo wa jiwe ulikaa kwenye mti kama kiraka kwenye suruali.

Tukaitoa mara ya kwanza kwenye harusi Soni. Mjomba akatokea amevaa kanzu na kilemba, uso umekaza, bunduki begani. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mgosi, hiyo bunduki au mwiko wa pilau?"

Watu walicheka mpaka wapiga ngoma wakapoteza mapigo. Mimi ni mmoja wa wapiga ngoma. Sikupoteza mapigo, niliiacha ngoma kabisa, nikaruka benchi nikamfuata yule mtu. Walinikamata shati kwa nyuma, vifungo vikabaki Soni.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa kikundi akaitisha kikao. Mwenyekiti ni mfanyabiashara wa viazi, anaongea taratibu kama anapima kwenye mzani. Akasema mwisho wa mwezi tumealikwa Lushoto mjini, kutakuwa na wageni kutoka Tanga, na yeye hataki tuchekwe tena. Bunduki ikibaki ilivyo, kile kipande kinaondolewa. Zumbe ataingia mwenyewe, ana miguu.

Wote tulijua maana yake. Mjomba magoti yamekwisha. Ngoma zetu nyingine ni za kuruka na kuchuchumaa, hawezi. Kutembea na bunduki ndiyo nafasi pekee iliyobaki kwake. Ukiiondoa, mjomba anakuwa mtazamaji, anakaa kwenye kiti cha plastiki na wakwe. Nilimwangalia. Alikuwa ameshika kofia yake anaikagua ndani, kana kwamba kuna kitu kimepotea humo.

Huyu mtu ndiye aliyenilea. Mama aliponipeleka kwake nilikuwa siongei na mtu ila kwa kurusha mawe. Kwa hiyo sikufikiri. Nikasema bunduki naitengeneza mimi.

Mwenyekiti akaniuliza: "Wewe ushawahi kushika bunduki?"

"Na wewe ushawahi kuzaa kiazi? Mbona unauza."

Kikao kikaishia hapo.

Mimi ni seremala, lakini hakuna aliyenifundisha. Kitanda cha kwanza nilikijua kwa kukivunja cha mama na kushindwa kukirudisha. Nina kibanda changu pembeni ya barabara, natengeneza milango, meza, mizinga ya nyuki. Nikaiweka ile bunduki mezani asubuhi na mapema, nikafungua skrubu moja moja nikizipanga kwa mstari zisije zikapotea. Mtutu ukatoka. Mtambo ukatoka. Jiwe lenyewe kumbe plastiki iliyopakwa rangi. Nikaenda mtoni nikaokota kipande cha jiwe jeupe, nikalichonga likaingia pale linapobanwa, nikavuta, nikaachia. Halikutoa cheche hata moja. Nikarudia mpaka kidole kikavimba. Sikuwa na haja ya cheche, lakini nilitaka kuona.

Vanishi nikaikwangua kwa kipande cha chupa. Chini yake ukatokea mti mweupe nisioujua. Niliunusa. Mkaratusi naujua, msindano naujua, grevilea naijua hata nikifungwa macho, lakini ule haukunuka chochote. Nikakaa naushangaa: mti umeota nchi gani, umekatwa na nani, umefika Usambara kwa ajili ya kutundikwa juu ya supu.

Halafu nikakwama. Ningeweza kupunguza mti, lakini nipunguze mpaka wapi? Kwenye simu nilitazama picha, na video moja ya mzungu asiyeongea, mikono tu inachonga. Picha haikwambii unene. Ukitaka kujua unene lazima ushike. Nikawa nashika kila kitu: mpini wa jembe, mpini wa shoka, gongo la jirani aliyevunjika mguu. Najiuliza kwa nini kitako cha bunduki kinashuka chini, kwa nini hakiendi moja kwa moja na mtutu. Nilikuwa nakula makande nimeshika kijiko kama bunduki, mke wa mjomba akaniambia nikimaliza kulipiga risasi bakuli nilioshe.

Jamaa anayeniuzia nta akaniambia Mlalo kuna bibi mmoja ana mti wa gumegume ya kweli. Chuma kilishaondoka zamani, umebaki mti peke yake. Kesho yake nikafunga kibanda, nikaenda.

Bibi nilimkuta anapepeta maharage mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza nimekuja kununua. Nikasema hapana, nimekuja kuangalia. Akasema watu wa Lushoto wote wanakuja kuangalia. Nikamweleza habari ya mjomba kuanzia hoteli mpaka kikao cha mwenyekiti, na mimi nikianza kueleza sijui kunyamaza. Akanisikiliza mpaka mwisho akipepeta, halafu akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia kitu kinasukumwa nyuma ya mlango.

"Sukuma," akasema kutoka ndani.

Nikasukuma. Mlango haukutikisika.

"Ndiyo hiyo bunduki yako."

Alikuwa anaitumia kama komeo. Usiku anakichomeka kitako chini, ncha inazuia ubao wa mlango, hapiti mtu. Akaichomoa, akafungua mlango, akanipa mkononi. Ule mti ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Shingo yake nyembamba, vidole vyangu vikaizunguka vikapitana. Nikaiweka begani, na shavu likajikuta limelala mahali pake bila mimi kulipeleka, jicho likawa juu ya mstari wa mtutu usiokuwepo. Ndipo nikaelewa kwa nini kitako kinashuka: ili kichwa chako kibaki juu. Nikaishusha, nikaipandisha tena. Nikaigeuza kwenye mwanga wa mlango nikaona jambo jingine. Nyuzi za mti zilikuwa zinapinda pamoja na shingo. Aliyeichonga alitafuta mti uliopinda wenyewe, labda pale shina linapoingia kwenye mzizi, akaifuata njia yake. Ndiyo maana ilikuwa nyembamba na haikuvunjika, hata baada ya kuzuia mlango miaka yote hiyo.

"Kama unaipenda hivyo, ioe," bibi akasema.

Nikaomba kuichora. Alinipa mfuko mtupu wa saruji, nikaulaza mti juu yake nikapitisha mkaa pembeni, kisha nikapima unene kwa kamba ya mgomba nikifunga fundo kila mahali. Hakutaka chochote. Alitaka jambo moja tu, nikimaliza yangu niilete aione.

Nilirudi nikafanya kazi kama mtu anayedaiwa na mizimu. Nyuzi za mti wangu wa kiwandani zilikuwa zimenyooka, zinakatiza shingo badala ya kupinda nayo, kwa hiyo nilijua nikiipunguza kufikia unene wa Mlalo itakatika kama karoti. Nikaacha nyama kidogo. Kwingine kote nilipunguza bila huruma. Nikaanza na tupa ya chuma, halafu kipande cha chupa, halafu msasa. Nikachimba pale mtambo unapokaa mpaka ukazama ukawa sawa na mti, ukipitisha kidole usihisi mpaka. Kitako nikakichonga kikapungua nusu, chini kikaingia ndani kidogo, juu kikawa na mgongo wa kulaza shavu. Kila baada ya muda naiweka begani, nafumba macho, nafumbua, naangalia jicho limetua wapi.

Rangi nayo ilinipa wazimu mwingine. Sikutaka rangi ya dukani. Mke wa mjomba alikuwa na juisi ya matunda damu iliyochacha ikawa siki, akataka kuimwaga. Nikaidaka, nikatumbukiza misumari yenye kutu, nikaiacha mpaka ikawa nyeusi. Pembeni nikachemsha magome ya muwati, yale waliyokuwa wakilainishia ngozi. Ukipaka maji ya muwati kwenye mti, unapata hudhurungi hafifu tu. Ukipitisha juu yake yale maji ya misumari, mti unageuka mbele ya macho yako, unakuwa mweusi kama wino. Nilifanya kwenye kipande cha taka, nikafanya tena, nikamwita jirani aje aone, akaona, akaniuliza viti vyake vitakuwa tayari lini. Nilipopaka kwenye bunduki yenyewe nikapata weusi wa samawati ambao haukuwa mzuri hata kidogo. Lakini niliposugua kwa msasa laini na kuzamisha nta iliyoyeyushwa na tapentaini, ule weusi ukaingia ndani ya nyuzi na hudhurungi ikarudi juu. Ikawa imezeeka kwa jioni moja. Nilikaa naitazama kama mama aliyejifungua.

Nikampelekea mjomba uani kwake. Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye shingo, kwenye mgongo wa kitako, akainusa. Halafu akavaa kilemba chake ili aijaribu vizuri.

Sasa hapa lazima nieleze mwendo wenyewe. Mtu wa bunduki anaingia nayo begani. Zumbe akishaketi, mtu huyo anarudi mbele ya kiti chake, anaigeuza hewani kwa mkono mmoja, mtutu unakuja nyuma kwake mwenyewe, kitako kinaenda mbele. Ndivyo anavyomkaribia mkubwa, mdomo wa bunduki umemwelekea mbebaji. Hata ilipokuwa fimbo mjomba aliigeuza hivyo hivyo, ncha nene mbele. Kisha anapiga goti na kusimika kitako ardhini. Nimeuona mwendo huo tangu nikiwa mdogo, naupigia ngoma.

Mjomba akatembea. Akageuza. Mtutu, ambao ni chuma kizima, ukamvuta mkono chini, bunduki ikamponyoka, kitako kikapiga jiwe la kuanikia nguo. Nikasikia mti unapasuka kabla sijauona.

Kona ya chini ya kitako ilikuwa imeruka.

Nilifoka. Nilimwambia mjomba wangu, mtu ambaye sijawahi kumpandishia sauti, aikamate vizuri, si fimbo hiyo. Mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mjomba aliinama kwa shida, akaokota kile kipande, akakipuliza vumbi, akanikabidhi.

"Umetengeneza bunduki ya kupiga," akasema. "Nzuri sana. Lakini mimi sipigi, mwanangu."

Sikulala vizuri, na asubuhi nilipokuwa napiga randa mlango wa mtu bado nilikuwa na hasira, ila sijui za nani. Ndipo nikaiweka ile bunduki juu ya ukingo wa meza, nikaisukuma taratibu nitafute mahali inapotulia bila kuanguka upande wowote. Ilitulia mbele kabisa, kwenye mtutu. Kila kipande cha mti nilichoondoa kitakoni kilikuwa kimesogeza uzito mbele, na nilikuwa nakiondoa huku nikipiga mluzi. Lile libunduki baya la kiwandani, na ubao wake wa kukatia nyama, lilikuwa likigeuka mkononi mwa mjomba bila shida. Nilikuwa nimekwenda mpaka Mlalo kumuuliza bibi wa watu. Mjomba anaishi ng'ambo ya shamba la mahindi, sikumuuliza.

Basi nikaenda kwa fundi tairi, nikamwomba vile vipande vizito vya kubalansia magurudumu, vilivyochakaa. Nikatoboa kitako kutokea nyuma, tundu refu, nikavishindilia humo na gundi na unga wa mbao. Kila nikiongeza naiweka ukingoni mwa meza. Mahali pa kutulia pakawa panarudi nyuma kidogo kidogo, mpaka pakafika karibu na mtambo, na hapo nikamwita mjomba mwenyewe aje kibandani. Akageuza. Akasema bado. Nikaongeza. Akageuza, akasema imezidi. Nikatoa. Tulishinda hivyo, wateja wangu wamesimama wanatazama mzee anarusha bunduki, mimi nawaambia anayetaka kiti aje kesho. Mwishowe akageuza, ikaja yenyewe, kitako mbele, kama mlango wenye bawaba nzuri. Akaigeuza tena.

Kona iliyovunjika nikaiziba kwa kipande cha mkulo, ule mti wetu unaonukia, na chini ya kitako kizima nikapachika kisigino cha mkulo huo huo, kipana kuliko kile cha mwanzo, maana sasa nilikuwa nimejua kwamba kitako hiki hakikai begani, kinakaa ardhini. Muwati na misumari vikakataa kuufunika mkulo vizuri, ukabaki mwekundu. Nikauacha hivyo.

Siku yenyewe Lushoto kulikuwa na ukungu asubuhi, halafu ukafunguka. Nikaanza kupiga ngoma. Mjomba akatokea, kilemba, kanzu, bunduki begani, na hakuna aliyesema mwiko. Nilimtafuta kwa macho mtu yeyote wa kusema mwiko, sikumpata. Akafika mbele ya zumbe, akageuza, ikazunguka, kitako kikatangulia. Akapiga goti, akasimika.

Halafu akashindwa kuinuka.

Niliona goti lake linatetemeka chini ya kanzu. Ngoma inatakiwa kubadilika pale anapoinuka, na haikubadilika, tukabaki tunazungusha mapigo yale yale. Mwenyekiti, aliyekuwa ndiye zumbe siku hiyo, alikunja uso kitini kwake. Mjomba akaweka mikono yote miwili kwenye shingo ya bunduki, pale nilipoacha nyama kidogo, akaegemeza uzito wake wote. Nilikuwa najua nyuzi za ule mti zimekatiza. Nilikuwa najua kuliko mtu yeyote uwanjani. Nikapiga pigo moja zito, akapanda kidogo. Nikapiga jingine, akapanda. Wenzangu wakashika, tukampandisha kwa mapigo, polepole, kisigino cha mkulo kikizama kwenye udongo bila kuteleza, mpaka akasimama wima. Watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyo siku zote.

Baada ya hapo mwenyekiti alinifuata nyuma ya gari. Nilijiandaa kwa ugomvi, ngumi tayari. Akasema kile kuinuka taratibu kibaki, kizuri, ila tukifanyie mazoezi kisiwe kirefu hivyo. Akauliza kama mjomba atakuwepo kwenye harusi ya mwezi unaofuata. Nikamwambia amuulize mwenyewe, si anamwona pale. Akaenda, akamuuliza, na akamwamkia kwanza.

Wiki iliyofuata mimi na mjomba tukaenda Mlalo kutimiza ahadi. Bibi aliipokea gumegume, akaigeuza, akagusa kile kiraka chekundu, akanusa mkulo. Akaingia nayo ndani, akafunga mlango, tukasikia kitu kinasukumwa.

"Sukuma," akasema.

Nikasukuma kwa bega. Mlango ukafunguka kidogo, kisigino kikikwaruza sakafu.

"Haifai," akasema, akatoa kichwa. "Hii ni ya kutembea nayo."

Nikaanza kumweleza kwamba mlango wake umepinda, kwamba sakafu yake ndiyo yenye makosa, na kwamba mimi ni seremala na milango naijua. Mjomba alikuwa ameshaketi kwenye jiwe pale nje, magoti ameyanyoosha, anacheka mpaka kofia imeanguka.